Gitaa Limeharibika: Litengenezwe au Ununue Jipya?

Wiki jana mpwa wangu aliniletea gitaa la marehemu babake. Daraja, kile kibao kinachoshikilia nyuzi, lilikuwa limebanduka. "Mjomba, nilitupe ninunue jipya?"

Nikamwambia alegeze nyuzi kwanza. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70; ukiziacha zimekazwa, palipobanduka huzidi kubanduka. Kisha tukatazama palipoumia. Daraja lililobanduka au ufa mwembamba kifuani ni kazi ya gundi ya mbao, vibanio na subira ya siku nzima. Lakini shingo ikiachana na mwili, fundi hana budi kuifungua na kuiunga upya, na gharama yaweza kupita bei ya gitaa jipya la kawaida. Hapo ni heri kununua, isipokuwa kama ni kumbukumbu ya mtu.

Nikamuuliza alikuwa ameliweka wapi. Ndani ya gari, juani. Joto hilo hulegeza gundi. Hata jipya lingebanduka.

Tumelipeleka kwa fundi. Nawe, kabla hujanunua jipya, jua kwanza kilichoharibu la zamani.