Tochi ya kichwani haioni gesi

Yeyote aliyewahi kuzuru Hell's Gate karibu na Naivasha na kuendelea hadi Olkaria anaijua harufu ile ya mayai viza inayokuja na mvuke. Ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Huko juu barabarani, penye upepo, kwa kawaida ni kero ya pua tu. Lakini gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mahali pa chini, na kisima cha mvuke huzungukwa mdomoni na shimo la zege ambamo fundi hushuka kukaza nati au kukagua valvu.

Visima vya Olkaria vimezalisha umeme tangu mwaka 1981, na uchimbaji wa kisima haulali: hufanywa kwa zamu, usiku na mchana. Mafundi wa makamo watakumbuka kushika tochi kwa meno. Siku hizi taa ndogo ya LED hufungwa kwenye kofia ngumu, na mikono yote miwili hubaki huru kushika ngazi na spana. Hilo peke yake hupunguza kuteleza na kujikata vidole. Macho nayo hupumzika, hasa ya aliyepita miaka 40, ambaye huhitaji mwanga zaidi kuona kitu cha karibu. (Si kweli, kama wengi wanavyoamini, kwamba kufanya kazi gizani huharibu macho kabisa. Huyachosha tu na kuleta maumivu ya kichwa.)

Tatizo ni kwamba mwanga mzuri humpa mtu ujasiri. Akiona kila pembe ya shimo, huona pako salama. Mwaka 1815 Mwingereza Humphry Davy alibuni taa ya wachimba makaa isiyolipua gesi kwa urahisi. Matokeo yake, wachimbaji walianza kuingia sehemu ambazo awali ziliachwa kwa hofu.

Na pua, msomaji, si kipimo. Haidrojeni salfaidi hunusika hata ikiwa chini ya sehemu 1 katika sehemu milioni za hewa. Ikifika takriban sehemu 100, pua hufa ganzi, na fundi hudhani gesi imeondoka kumbe imeongezeka. Kati ya 500 na 700 mtu hupepesuka na kuanguka kwa muda wa dakika tano hivi. Zaidi ya hapo, pumzi chache zaweza kumtosha.

Gesi hiyo pia huwaka moto. Cheche ya swichi au ya betri ya kawaida yaweza kuiwasha ikikusanyika kwa wingi shimoni. Kwa hiyo tochi ya bei nafuu ya dukani, hata iliyoandikwa kuwa haiingii maji, si ya kazi hii, kwani kuzuia maji si kuzuia mlipuko. Taa zilizoundwa kwa sehemu zenye gesi huwa na alama ya herufi Ex ndani ya umbo la pembe sita. Aina ya gesi inayotajwa kando ya alama hiyo nayo isomwe.

Kabla ya kushuka, hewa ipimwe kwa chombo, tena hadi chini kabisa, na chombo kibaki kifuani mwa fundi akiwa kazini. Awe amefungwa kamba, na mtu asimame juu akimwangalia. Huyo wa juu asimmulike usoni, kwa maana macho yaliyopigwa na mwanga mkali huchukua muda kabla ya kuiona ngazi tena.

Mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Wengi waliokufa kwa gesi hii walikuwa waokoaji walioruka ndani bila kufikiri. Piga kelele, vuta kamba, na anayeingia awe amevaa kifaa chenye mtungi wa hewa. Kitambaa kilicholowa maji puani hakisaidii kitu.