JIPU LINALOZUNGUKA NYUMBANI

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Leo ningependa kuzungumzia mwiba ambao wengi wetu huudharau, nao ni jipu. Huenda ukacheka, mwenzangu, ukauliza, "Jipu nalo ni habari?" Naam, ni habari, hasa linapompata baba leo, mwezi ujao likampata mtoto, kisha likamrudia baba, na dawa zote zikakosa kufua dafu.

Majipu mengi husababishwa na bakteria aitwaye stafilokokasi. Daktari Alexander Ogston wa Aberdeen, Uskoti, ndiye aliyempa jina hilo katika miaka ya 1880, baada ya kuchungulia usaha kwa hadubini na kuona vijidudu vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Takriban watu 30 katika kila 100 humbeba bakteria huyu puani bila kuugua. Hawana kidonda wala homa, lakini wanaye. Ngozi ikikwaruzika au ikikatwa na wembe, yeye hupata mlango. Akifika kwenye damu au mapafu, anaweza kuua.

Je, usugu wake ulitoka wapi? Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka 1928. Ilipoanza kutumika sana katika miaka ya 1940, watu walidhani vita vimekwisha. Wapi! Kabla ya mwaka 1950, stafilokokasi wengi hospitalini walikuwa tayari wanaivunja dawa hiyo. Mwaka 1959 ikaletwa methisilini. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1961, ikatangazwa Uingereza kwamba wako wanaoishinda hiyo pia. Hao wamebadilisha mahali ambapo dawa hushika, kama mwenye nyumba aliyebadilisha kufuli. Ufunguo wa zamani hauingii.

Fleming mwenyewe alikuwa ameonya. Katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel, Desemba 1945, alitoa mfano wa kubuni wa bwana mmoja aliyeumwa koo, akatumia penisilini kidogo isiyotosha kuua vijidudu. Vijidudu vikawa sugu, vikamwambukiza mkewe. Mke akapata nimonia, penisilini ikashindwa, akafariki. Tazameni basi: aliyechezea dawa ni mume, aliyekufa ni mke. Kijidudu cha mfano ule ni binamu wa stafilokokasi, lakini funzo ni lile lile.

Sasa tuje hapa kwetu Mlolongo. Inasemekana mji huu ulipewa jina kutokana na mlolongo wa malori yaliyokuwa yakisubiri mizani kwenye barabara ya Mombasa. Stafilokokasi naye ana mlolongo wake, nao hupita ndani ya nyumba. Katika ploti tunamoishi, familia nyingi zina chumba kimoja. Watoto watatu hulala kitanda kimoja, taulo ni moja, na wembe wa kunyolea ni mmoja. Maji hununuliwa kwa mtungi, kwa hivyo beseni moja la maji huogesha zaidi ya mtoto mmoja. Mama hufunga kidonda cha mtoto, kisha mkono huo huo hushika kitasa cha mlango, simu na shuka. Bakteria huyu anaweza kukaa kwenye kitambaa kwa siku nyingi akimngoja mwenyeji mwingine.

Ndiyo maana kumtibu mgonjwa peke yake hakutoshi kila mara. Mwaka 2012 watafiti wa St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu watoto waliougua ngozi kwa sababu ya stafilokokasi. Kundi moja lilitumia dawa ya puani na ya kuogea kwa mtoto pekee. Kundi la pili, kwa nyumba nzima. Baada ya mwaka mmoja, ugonjwa ulikuwa umewarudia watoto 72 katika kila 100 wa kundi la kwanza, lakini 52 katika kila 100 wa kundi la pili. Hata hivyo, 52 si wachache. Adui huyu si mchezo.

Tufanyeje basi? Kwanza, jipu lisikamuliwe. Lifunikwe kwa bandeji safi na kavu. Pili, kila mtu awe na taulo na wembe wake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kugusa kidonda. Tatu, shuka na nguo za mgonjwa zifuliwe kwa maji moto na sabuni, zianikwe juani zikauke kabisa. Nne, tuache mtindo wa kuingia duka la dawa na kuomba "tembe mbili tu za rangi mbili". Sheria ya Kenya hutaka dawa hizo ziuzwe kwa cheti cha daktari. Mara nyingine daktari hulipasua tu jipu, usaha ukatoka, na tembe zisihitajike kabisa. Tano, ukiona homa, wekundu unaoenea, au jipu karibu na pua au macho, usingoje kesho, nenda hospitali. Na jipu likirudi nyumbani mara kwa mara, mwambie daktari ni nani wengine waliougua.

Ndugu zangu, tusimcheke wala kumtenga mwenye jipu, kwani pengine aliyelileta ni yule asiye na hata kipele. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba nzima na ishike sabuni, mlolongo ukatike.