Pete ya Chuma na Pete ya Dhahabu: Mapambo na Cheo cha Mtu, kutoka Rumi hadi Pwani Yetu

Anas bin Malik (R.A.) anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaandikia Warumi aliambiwa kuwa watu wale hawasomi barua isiyokuwa na muhuri. Hapo ndipo alipochukua pete ya fedha, ikachorwa juu yake jina lake na Utume wake. Baada yake ilivaliwa na Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman, hadi ilipoanguka katika kisima cha Aris hapo Madina, ikatafutwa isipatikane.

Ndugu msomaji, ili tufahamu kwa nini Warumi walishikilia sana jambo la pete, inafaa tuitazame hali yao. Kwao pete ilikuwa muhuri, na zaidi ya hapo ilikuwa cheti cha cheo. Pliny, mwandishi wao wa karne ya kwanza Miladia, ameeleza kwa urefu. Zamani Mrumi wa kawaida alivaa pete ya chuma, na dhahabu ilikuwa ya wakubwa wa baraza na wapanda farasi wenye daraja. Mwaka 23 Miladia, katika utawala wa Tiberius, iliamuliwa kuwa asivae pete ya dhahabu ila aliyezaliwa huru, na baba yake huru, na babu yake huru, tena awe na mali ya sesterti 400,000. Mtumwa aliyeachwa huru hakuwa na haki hiyo mpaka apewe na mtawala. Hata watoto walipambanuliwa kwa mapambo: mvulana aliyezaliwa huru alining'inizwa shingoni kidude cha mviringo kiitwacho bulla, akakivua anapobaleghe. Na wako watumwa waliofungwa shingoni pingu ya chuma iliyoandikwa jina la bwana wao, ili wakitoroka warudishwe. Basi shingo ya huyu na shingo ya yule zilitosha kueleza kila kitu.

Watu wakatafuta hila. Pliny analalamika kuwa watumwa wa zama zake walikuwa wakiizungushia dhahabu pete ya chuma. Mwishowe, mwaka 539, Kaisari Justinian aliwapa walioachwa huru wote haki ya pete ya dhahabu, na kwa hiyo ikapoteza maana yake ya zamani. Hiyo ni kama miaka 30 tu kabla ya kuzaliwa Mtume (S.A.W.).

Wanawake nao waliwekewa sheria. Mwaka 215 kabla ya Miladia, wakati wa vita na Hannibal, ilipitishwa sheria ya Oppius kuwa mwanamke asimiliki dhahabu zaidi ya nusu wakia ya Kirumi, takriban gramu 14. Vita vilipokwisha sheria ikabaki, mpaka mwaka 195 wanawake walipotoka majumbani wakajaa njiani kuidai ifutwe, na ikafutwa.

Mambo haya si ya mbali kama tunavyodhani. Kitabu cha safari za baharini kiitwacho Periplus, cha karne hiyo ya kwanza, kinataja bandari ya Rhapta katika pwani hii, na vitu vya kioo ni miongoni mwa bidhaa zilizoletwa. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za Kirumi zilizofukuliwa katika delta ya Rufiji. Na sisi wa Kisanga na Kilosa tunajua ushanga ulivyokuwa na nguvu: misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Usagara, na ushanga na waya wa shaba vilikuwa ndiyo pesa ya njiani.

Pwani yenyewe ilikuwa na dhahabu yake. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, amewaeleza wanawake wa Kilwa kuwa na mikufu na bangili za dhahabu na fedha mikononi na miguuni, na vipuli vyenye vito. Dhahabu hiyo ilitoka Sofala. Hata bibi zetu wa Unguja na Lamu walipambanuana kwa majasi, kipini, kidani na mtali wa fedha. Wala tusijidanganye: huku nako mavazi yalitumika kumtenga mtumwa na muungwana. Baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuvunja utumwa Unguja, wengi walioachwa huru walianza kujifunika na kujipamba kama waungwana, na wako walionuna kwa kuona hivyo. Walionuna hawakuwa na dalili ya sheria mkononi.

Kwa sababu sheria haikuigawa dhahabu kwa nasaba wala mali. Imeigawa kwa jambo moja: ni haramu kwa wanaume, halali kwa wanawake, kama ilivyopokewa kwa Ali (R.A.). Sharifu na mtumwa, wakiwa wanaume, wako sawa katika katazo. Mtume (S.A.W.) aliiona pete ya dhahabu katika mkono wa mtu akaivua na kuitupa, na mwenyewe alipoambiwa aiokote akainufaike kwa njia nyingine alikataa. Ama pete ya chuma iliyopakwa dhahabu, ile ile hila ya watumwa wa Rumi, mafakihi wetu wa Kishafii wanasema: ikiwa ikipashwa moto hutoka dhahabu ya kukusanyika, ni haramu kwa mwanamume. Vijana wanaonunua saa za kung'aa huko mjini wamuulize sonara kwanza.

Na chuma? Pliny anasema katika zama zake mchumba wa Kirumi alipelekewa pete ya chuma isiyo na kito. Nasi tuna hadithi ya Sahl bin Saad, ambamo Mtume (S.A.W.) alimwambia aliyetaka kuoa na hana kitu, atafute japo pete ya chuma. Lakini maana zinatofautiana. Ile ya Rumi ilikuwa alama ya ahadi, na sheria yao ilibatilisha zawadi baina ya mume na mke. Hii yetu ni mahari, mali ya mke kamili. Hapa napenda nisimame kidogo, maana kesi zinazoletwa kwetu nyingi ni za namna hii: mume amemwacha mkewe, kisha anadai mkufu na herini alizotoa siku ya ndoa, au ameziweka rehani bila ya idhini. Suratun Nisaa, aya ya 20, imekataza kuchukua chochote hata kama alichopewa ni mrundo wa mali. Hakuna mjadala hapo.

Katika zaka mjadala upo. Hanafi wanaiwajibisha katika mapambo ya mwanamke yakifika mithqali 20, yaani kiasi cha gramu 85. Kauli yenye nguvu kwa Shafii ni kuwa pambo la halali la kuvaliwa halina zaka, isipokuwa likipita kiasi. Nawawi katika Minhaj amepiga mfano wa furungu lenye uzito wa dinari 200, ambazo ni karibu gramu 850. Mguu gani utabeba hilo?

Imepokewa kwa baadhi ya wema waliotangulia kuwa zaka ya pambo ni kuliazimisha. Bibi Aisha (R.A.) mwenyewe aliazima kidani kwa dada yake Asmaa, kikapotea safarini, watu wakakaa kukitafuta pasipo na maji, ikateremka aya ya tayammamu. Vijijini kwetu nako bibi harusi mara nyingi hutoka na dhahabu ya shangazi au ya jirani. Ajue kuwa kwa madhehebu yetu kitu cha kuazima kina dhamana: mkufu ukipotea, hata kama hakuzembea, atalipa thamani yake ya siku uliyopotea, si ya siku alipouchukua wala bei aliyonunulia mwenyewe miaka iliyopita.