Njia ya Kazi na Dakika za Mfanyakazi



Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari dogo la umeme, Kiira EV. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola, na baadaye kiwanda cha Kiira Motors kikajengwa Jinja. Basi moja huundwa kwa vipande vingi mno. Fundi wa Katwe hushika kichwani kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Kiwanda kikubwa hakiwezi. Huandika mpango huo ndani ya kompyuta, na mpango huo huitwa njia ya kazi.

Tuchukue mfano wa fremu ya kiti cha basi. Hatua ya 10, kukata bomba. Hatua ya 20, kulikunja. Hatua ya 30, kuchomelea. Hatua ya 40, kupaka rangi. Hatua ya 50, kufunga sponji na kitambaa. Kila hatua hutajiwa kituo chake cha kazi, kisha muda wa namna mbili: muda wa kutayarisha, ambao ni mmoja kwa shehena nzima, na muda wa kufanya kipande kimoja kimoja. Kompyuta huzidisha, hujumlisha, halafu hutoa ratiba ya siku, hesabu ya gharama, na lengo la kila mtu.

Hapo ndipo penye jambo letu. Viti ni 40. Kama hatua ya 30 imeandikwa dakika 20 za kutayarisha na dakika 12 kwa kila fremu, jumla ni dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20. Karani akiandika 9 badala ya 12, jumla hushuka hadi dakika 380. Mchomeleaji ni yule yule, mashine ni ile ile, lakini jioni kompyuta inasema amechelewa saa mbili nzima. Msimamizi naye huamini kompyuta.

Ile 9 ilitoka wapi? Mara nyingi alipimwa kijana mmoja hodari, asubuhi, bomba zikiwa zimepangwa karibu naye. Kubadilisha fimbo ya kuchomelea, kugonga takataka za weldi, kungoja umeme urudi, kwenda kunywa maji: hakuna kilichohesabiwa.

Ugomvi huu ni wa zamani. Frederick Taylor alianza kupima kazi kwa saa katika kiwanda cha chuma cha Philadelphia, Marekani, miaka ya 1880. Agosti 1911, katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, fundi mmoja wa kumimina chuma alikataa kupimwa. Akafukuzwa, na wenzake wakaacha kazi. Bunge lilichunguza, na mwaka 1915 likazuia fedha za serikali zisilipie upimaji wa namna hiyo katika viwanda vyake vya silaha.

Ndugu zetu wa viwanda vya chai wanalijua hili kwa njia nyingine. Majani hunyaushwa kwanza, mara nyingi usiku kucha, na hakuna meneja awezaye kuyaamuru yakauke upesi. Mikono ya watu ndiyo hudhaniwa kuwa inaweza kuamriwa.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka saa 48 kwa wiki, na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada siku za kawaida. Muda ulioandikwa mfupi huzificha saa hizo: mfanyakazi hubaki hadi usiku “kumaliza lengo lake”, na haiitwi ziada.

Basi mwakilishi wa chama aombe karatasi ya njia ya kazi ichapwe, asome hatua kwa hatua pamoja na wanaozifanya. Wapimwe watu kadhaa, wazee kwa vijana, asubuhi na alasiri. Na msikubali kuambiwa kwamba mpango ukishaingia kwenye kompyuta haubadiliki. Hatua huhesabiwa kwa makumi ili nafasi ibaki katikati. Kusafisha weldi kunaweza kuandikwa kesho asubuhi kuwa hatua ya 35, na dakika zake zikawekwa mbele yake.