Kutoka OHADA hadi CPA: jinsi ya kujiandaa kwa mtihani wa uhasibu Kampala

Wapo wakimbizi wengi Kampala waliotunza vitabu vya hesabu Goma, Bukavu au Bujumbura kwa miaka, na leo wanahesabu fedha za duka la mtu mwingine kwa malipo ya kibarua. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi Uganda, hata katika taaluma yako, mradi vyeti vyako vitambuliwe hapa. Kwa wahasibu, chombo kinachohusika ni ICPAU, taasisi iliyopo Bukoto Street, Kololo, chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2013. Kuajiriwa kama mtunza hesabu hakuhitaji leseni. Lakini kufungua ofisi yako na kusaini hesabu zilizokaguliwa kunahitaji uanachama na cheti cha kuendesha kazi hiyo, na njia ya kawaida ya kufika huko ni mtihani wa CPA.

Anza na vyeti, maana hapo ndipo miezi hupotea. Cheti cha Kifaransa kitafsiriwe kwa Kiingereza na mfasiri anayetambulika. Digrii hulinganishwa na NCHE. Cheti cha sekondari, kama diplôme d'État ya Kongo, hulinganishwa na UNEB. Mwenye digrii anaweza kuanza CPA moja kwa moja. Aliyeishia sekondari anaweza kupitia ATD, diploma ya taasisi hiyohiyo. Wengine huchagua ACCA ya Uingereza, ambayo pia hufanyiwa Kampala na inajulikana nchi nyingi. Kama unatarajia kuhamia nchi ya tatu, ACCA itakufaa zaidi, ila ujue ada zake hutozwa kwa pauni. Kama maisha yako ni hapa, CPA.

Unachojua kinaweza kukuangusha

Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na hesabu zake hufuata mpango wa namba: kundi la 6 ni matumizi, kundi la 7 ni mapato, 57 ni sanduku la fedha taslimu. Burundi si mwanachama wa OHADA, lakini nako hesabu hufundishwa kwa Kifaransa na kwa mpango wa namba. Uganda hufuata viwango vya kimataifa, IFRS, na mtihani hautakupa namba hata moja. Utapewa majina ya akaunti kwa Kiingereza, basi.

Kanuni ya debiti na krediti haibadiliki. Maneno ndiyo yanayodanganya. "Balance" ya Kifaransa ni urari, lakini "balance sheet" ya Kiingereza ni mizania, yaani "bilan". "Exercice" ni mwaka wa hesabu, si zoezi. Lililo baya zaidi ni "passif": kwa Kifaransa linabeba madeni pamoja na mtaji wa mwenye biashara, wakati "liabilities" za Kiingereza ni madeni peke yake. Ukiulizwa jumla ya "liabilities" ukaweka na mtaji, jibu zima limeharibika ingawa hesabu yako iko sawa.

Angalia pia nukta na koma. Ukiandika 12.500 ukimaanisha elfu kumi na mbili na mia tano, msahihishaji wa Uganda anasoma kumi na mbili na nusu. Hapa tunaandika 12,500.

Tofauti nyingine ni taarifa ya faida na hasara. Katika OHADA mishahara yote huingia kundi la 66, awe mfanyakazi wa kiwandani au karani. Maswali mengi ya mtihani hutaka uigawe: wa kiwandani kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa, muuzaji kwenye gharama za usambazaji, karani kwenye gharama za utawala. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mitindo yote miwili, kwa hiyo soma swali linataka upi. Kwa sababu hizi, hata ukiwa na haki ya kusamehewa baadhi ya karatasi, usikimbilie kusamehewa karatasi za hesabu za fedha kama ulisomea OHADA. Utazikuta tena ngazi ya juu, zikiwa ngumu zaidi.

Kusoma bila kujidanganya

Kusoma kitabu mara nne kunaleta raha ya kudhani umeelewa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Baada ya wiki moja, waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 40. Waliosoma mara moja kisha wakajijaribu mara tatu bila kutazama walikumbuka asilimia 61. Kwa hiyo funga kitabu, andika mizania kutoka kichwani, kisha fungua uone ulipokosea. Rudia kesho kutwa, halafu baada ya wiki.

ICPAU huweka mitihani iliyopita kwenye tovuti yake. Ipakue siku ukiwa na data, uichapishe. Umeme ukikatika bado una kazi ya kufanya. Soma pia ripoti za wasahihishaji ukizipata, kwani zinaeleza watahiniwa walikosea wapi.

Kundi la watu watatu au wanne linatosha, na ni vizuri awemo Mganda na Mkongo. Mmoja ana Kiingereza cha mtihani, mwingine mara nyingi ana mkono mwepesi wa kuandika jarida. Maswali ya maelezo yafanyeni kwa Kiingereza hata kama mnabishana kwa Kiswahili. "Explain" inataka sababu, "list" inataka majina tu, "advise" inataka umwambie mteja afanye nini. Kuorodhesha ulipotakiwa kushauri kunapoteza maksi nyingi.

Mitihani iliyopita ya CPA inaonyesha saa 3 na dakika 15, dakika 15 za kwanza zikiwa za kusoma. Saa 3 kwa maksi 100 ni chini kidogo ya dakika 2 kwa kila maksi, hivyo swali la maksi 20 lina dakika 36. Zikiisha, acha nafasi uhamie swali linalofuata, hata kama mizania haijalingana. Maksi za hatua sahihi utazipata, na shilingi 2,000 zinazokosekana unaweza kuzitafuta mwishoni.