Jibu Mbili, Ringi Moja

Wasee, tuwache kusema kwadratiki haina kazi mtaani. Ingia court yoyote ya Eastlands jioni, ucheki msee akishuti kutoka ile laini unasimama ukichezewa faulo. Ringi iko mita 3.05 juu. Mpira ukitoka mkononi kwa mita 2.05, umebakisha mita moja ya kupanda. Sema umeurusha na spidi ya kwenda juu ya mita 6 kwa sekunde, na graviti tuiweke 10. Ikwesheni ndio hii: 6t − 5t² = 1. Ipange, inakuwa 5t² − 6t + 1 = 0.

Ukiisolvu, t ni 0.2 ama 1.

Wengi wakiona jibu mbili wanakata moja fasta, hata hawajaiuliza inasema nini. Na manze, zote ni za ukweli! Kwa sekunde 0.2 mpira unapita urefu wa ringi ukipanda, bado uko karibu na wewe. Kwa 0.6 umefika kileleni, mita 3.85 kutoka chini. Sekunde moja ikiisha uko tena kwa urefu wa ringi, sai ukishuka, na basket hufungwa na mpira wenye unashuka. Katikati ya ringi ni kama mita 4.2 mbele yako, so spidi ya kwenda mbele ni mita 4.2 kwa sekunde. Engo ya kurusha inatoka karibu digrii 55.

Sasa punguza nguvu, spidi ya juu ikuwe 4. Ile b² − 4ac inakupa 16 − 20, yaani −4. Hakuna jibu, juu mpira unaishia sentimita 20 chini ya ringi. Hesabu imekushow kabla hata hujarusha.

Na wale wa kushuti flati, skieni hii. Ringi ina upana wa sentimita 45, mpira kama 24. Ukishuka na digrii 30, nafasi yenye mpira unapata ni 22.5 pekee. Hauwezi ingia safi, lazma uguze chuma. Ile shuti yetu inashuka na kama digrii 44, inapata 31. Hiyo ni nafasi poa sana.

Ukishika kalamu, weka spidi ya juu 7, utafute mpira unafaa kwenda mbele na spidi gani ndio uingie.