Kupiga Picha za Nebula Hafifu kutoka Uani

Nebula ni mawingu makubwa mno ya gesi na vumbi yaliyotanda baina ya nyota. Ndani ya baadhi yake nyota mpya huzaliwa. Nyingine ni mabaki ya nyota zilizokufa. Chache huonekana kwa macho matupu mithili ya doa la ukungu, lakini nyingi ni hafifu mno. Kilimia ni mfano mzuri. Tangu kale wakulima wamekitazama Kilimia ili kujua majira ya mvua, na wengi wamezihesabu nyota zake sita au saba. Hata hivyo nyota hizo zimezungukwa na pazia la vumbi ambalo jicho halilioni, ilhali kamera ya kawaida yaweza kulionyesha.

Jicho na kamera

Jicho hupokea mwanga kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, kisha huanza upya. Haliwezi kuweka akiba. Kamera iliyoachwa wazi hukusanya mwanga kwa muda wote huo, kama mtungi uliotegwa chini ya mchirizi wa paa: tone moja si kitu, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ya udhaifu wa jicho ni darubini kubwa. Kwa nyota hilo ni kweli, lakini kwa nebula si hivyo. Darubini hulikuza wingu na kurahisisha kuliona, ila mwanga uliokusanywa hutawanywa juu ya eneo kubwa zaidi, hivyo wingu halipati kung'aa kupita lilivyo kwa macho matupu. Kinachohitajika ni muda.

Jambo hili lilithibitishwa na watu ambao falaki haikuwa kazi yao ya mshahara. Tarehe 30 Septemba 1880 Henry Draper wa Marekani, aliyesomea utabibu, aliacha bamba la picha wazi kwa dakika 51 akapata picha ya kwanza ya Nebula ya Jabari. Mwaka 1883 Andrew Common, mhandisi wa Uingereza, aliipiga picha nebula hiyohiyo kutoka bustanini mwake huko Ealing, karibu na London, kwa darubini yenye kioo cha sentimita 91. Picha yake ilionyesha nyota ambazo jicho halikuweza kuziona kwa darubini hiyohiyo.

Rangi za mawingu

Picha hudhihirisha pia rangi. Gesi ya haidrojeni inayochomwa na mionzi ya nyota zenye joto kali hutoa mwanga mwekundu, ambao jicho huuona kwa shida gizani. Vumbi halitoi mwanga wake lenyewe. Hurudisha mwanga wa nyota zilizo karibu, hasa ule wa buluu. Mwaka 1912 Vesto Slipher aliuchambua mwanga wa nebula ya Kilimia akakuta kwamba unafanana na mwanga wa nyota zake. Ndipo ilipojulikana kwamba wingu lile huangazwa tu, kama vile ukungu uangazwavyo na taa ya barabarani.

Kushinda mzunguko wa dunia

Kikwazo cha kwanza cha mpiga picha ni dunia yenyewe. Kwa kuwa dunia huzunguka, nyota huonekana kusogea takriban digrii 15 kila saa. Kamera yenye lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye stendi na kuachwa wazi zaidi ya sekunde 10 hivi, nyota huanza kuwa vistari.

Dawa yake yaweza kutengenezwa na seremala. Mwaka 1975 George Haig wa Uskochi alieleza chombo cha mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba. Kamera hukaa juu ya ubao wa juu, nao husukumwa na skrubu. Skrubu inayopanda milimita 1 kwa kila mzunguko ikitiwa milimita 229 kutoka kwenye bawaba, na kuzungushwa mara moja kila dakika, ubao huzifuata nyota vizuri kwa dakika kadhaa.

Bawaba lazima iwe sambamba na mhimili wa dunia. Mjini Dar es Salaam, ulio karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, huelekezwa kusini halisi na kuinuliwa digrii 7 tu. Nairobi hulazwa karibu sawa na ardhi. Ili kupata kusini halisi, husimikwa kijiti wima: kivuli chake kilicho kifupi kuliko vyote mchana hulala juu ya mstari wa kaskazini na kusini.

Kikwazo cha pili ni chengachenga zinazotokea katika picha za elektroniki. Hizi hupunguzwa kwa kupiga picha nyingi na kuzijumlisha kwa kompyuta. Picha 4 hupunguza chenga kwa nusu; picha 100 huzipunguza hadi sehemu ya kumi.

Faida kwa sayansi

Mnamo Januari 2004 Jay McNeil, mwanafalaki wa ridhaa katika jimbo la Kentucky, Marekani, alipiga picha uani kwake kwa darubini yenye lenzi ya milimita 76 tu. Katika kundi la Jabari aliona wingu dogo ambalo halikuwamo katika orodha yoyote. Nyota changa ilikuwa imeripuka na kuliangaza vumbi lililoizunguka. Wanafalaki waliligeuzia darubini kubwa, ikiwemo ile ya Gemini huko Hawaii yenye kioo cha mita 8. Picha za zamani zilipopekuliwa, wingu hilo lilikutwa katika picha iliyopigwa mwaka 1966 na Evered Kreimer, naye pia wa ridhaa. Kumbe nyota ile ilikwisha kuripuka hapo awali, na ushahidi ulikuwa umehifadhiwa kwa miaka 38 bila mtu kuutambua. Ndiyo maana kila picha iandikwe tarehe, saa na mahali, na itunzwe.

Watu wa Afrika Mashariki wana bahati. Karibu na ikweta huonekana nebula za kaskazini pamoja na zile za kusini, kama ile ya Carina ambayo London haichomozi kamwe. Vijiji vingi bado vina usiku wa giza halisi. Lakini mwanga wa taa unaotupwa angani huifunika nebula kabisa, wala kamera haiwezi kutenganisha vyote viwili kwa urahisi. Taa iliyofunikwa juu ikamulika chini huiangaza njia vilevile, tena kwa umeme kidogo, na huliachia anga giza lake. Darubini yaweza kununuliwa baadaye. Giza likipotea, kulirudisha ni kazi ngumu.